Saa 72

Barua ya mtekaji haina matusi. Huanza kwa kumtuliza aliyetekwa: usihofu, mafaili yako yote yanarudishika. Kisha hutaja bei. Katika barua iliyosambazwa na kirusi kiitwacho STOP Djvu, ambacho tangu 2018 kimeziandama kompyuta za nyumbani kuliko karibu virusi vyote vya aina yake, bei kwa miaka mingi ilikuwa dola 980. Atakayewasiliana ndani ya saa 72 alipunguziwa nusu, alipe 490. Tena alikaribishwa kutuma faili moja lisilo na thamani lifunguliwe bure, ajionee kwamba ufunguo upo kweli.

Punguzo hilo la siku tatu ndilo sehemu ya barua inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote. Hakuna kitu ndani ya kompyuta kinachobadilika saa ya 73. Mafaili yaliyofungwa leo yatakuwa yamefungwa vilevile mwaka kesho, wala hayaozi. Muda umewekwa ili mwenye kompyuta asipate nafasi ya kuuliza watu, kusoma na kulala usiku mmoja juu ya jambo hilo. Na historia ya virusi hivi vya kikombozi, ambayo sasa imepita miaka 35, imejaa watu waliopoteza kazi zao kwa haraka yao wenyewe, na wengine waliorudishiwa kila kitu kwa sababu tu hawakufuta chochote.

Mfano wa kwanza ni wa kwanza kweli. Desemba 1989 bahasha zipatazo 20,000 zilitumwa kutoka London, kila moja na flopi ndani yake. Walioandikiwa walikuwa wasomaji wa jarida la PC Business World pamoja na watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Flopi ilijitambulisha kuwa na maswali ya kumsaidia mtu kupima hatari yake ya kuambukizwa, na maswali hayo yalikuwemo. Lakini nyuma yake kulikuwa na programu iliyojificha ikihesabu mara ambazo kompyuta inawashwa. Hesabu ilipofika 90, majina ya mafaili yalivurugika na skrini ikamtaka mwenye kompyuta awashe printa ili apewe ankara: dola 189 kwa matumizi 365, au 378 kwa maisha yote ya diski, zipelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama.

Aliyefanya hivyo alikuwa Joseph Popp, mwanabiolojia Mmarekani aliyesomea Harvard na kuchunguza maisha ya nyani. Siku ambazo flopi zake zilikuwa zinaanza kuzua balaa, yeye alikuwa safarini akitoka Nairobi kwenye semina ya UKIMWI. Katika uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, aliandika kwenye mzigo wa abiria mwingine kwamba Dk. Popp amewekewa sumu. Walipompekua, maofisa walikuta muhuri wa kampuni ileile iliyotajwa kwenye ankara. Alikamatwa kwao Ohio, akapelekwa Uingereza, na 1991 ikaamuliwa kwamba hali ya akili yake haimruhusu kushtakiwa.

Kirusi chake kilikuwa dhaifu. Hakikugusa yaliyomo ndani ya mafaili, kilivuruga majina tu, na ufunguo wa kuyarudisha ulikuwa umelala ndani ya kirusi chenyewe. Mtaalamu wa Uingereza, Jim Bates, aliuchomoa na kutoa bure programu ya kurejesha kila kitu mahali pake. Kwa baadhi ya watu ilikuwa imechelewa. Kwa hofu walikuwa wameshafuta diski zao nzima. Taasisi moja ya UKIMWI ya Italia iliripotiwa kupoteza kazi ya miaka 10 kwa namna hiyo. Popp aliwafungia mlango wa kadibodi, wao wakaichoma nyumba.

Wahalifu waliomfuata walijifunza. Mwaka 1996 watafiti wawili, Adam Young na Moti Yung, walionyesha katika andiko la kitaalamu jinsi kirusi kinavyoweza kutumia funguo mbili zilizooana, mmoja ukiwa wa kufunga tu na wa pili wa kufungua tu. Wa kufunga husafiri pamoja na kirusi, hata ukionekana si neno. Wa kufungua haumtoki mwenye kirusi. Young na Yung walikuwa wanatahadharisha. Ilichukua miaka mingi kabla wahalifu hawajaifanya kazi hiyo sawasawa. Septemba 2013 kikaja CryptoLocker, kilichotumia ufunguo wa biti 2048, malipo ya Bitcoin, na saa nyekundu ya kuhesabu kurudi nyuma kwenye skrini. Saa hiyo ilianzia 72.

Wizara ya Sheria ya Marekani ilisema baadaye kwamba hadi Aprili 2014 CryptoLocker kilikuwa kimeingia katika kompyuta zaidi ya 234,000, na kwamba makadirio ya vikombozi vilivyolipwa katika miezi miwili ya mwanzo yalizidi dola milioni 27. Katikati ya mwaka huo polisi wa nchi kadhaa waliubomoa mtandao wa kompyuta uliokuwa ukikisambaza. Agosti 2014 kampuni za FireEye na Fox-IT, zilizofanikiwa kupata hazina ya funguo, zilifungua huduma ya bure: mtu alituma faili lake moja lililofungwa, akarudishiwa ufunguo wake. Waliokuwa wameweka diski zao kabatini kwa karibu mwaka mzima walifungua kila kitu bila kulipa senti. Waliofuta walibaki na Windows mpya na diski tupu.

Ufunguo wa namna hiyo haubahatishwi. Kompyuta zote zilizopo duniani zikishirikiana hazingeupata kwa kujaribu mmoja baada ya mwingine, na fundi anayesema ana programu ya kuuvunja anajidanganya au anamdanganya mteja wake. Mafaili hurudi kwa njia nyingine: mhalifu kakosea hesabu, kakamatwa, kagombana na wenzake, kastaafu, au mwenye mafaili ana nakala mahali ambapo mhalifu hakufika. Ukiondoa hiyo ya mwisho, zote zinataka muda.

*

Namna kirusi kinavyoingia nyumbani si ya ajabu. Kampuni kubwa huvamiwa na watu waliokaa kwenye mitandao yake kwa wiki kadhaa wakipeleleza. Kwa kompyuta ya mezani sebuleni, au laptopu ya mwanafunzi, mara nyingi mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, na Afrika Mashariki mlango huo una jina linalojulikana: kreki. Laptopu ya mtumba imetoka Ulaya, Windows yake haijalipiwa, Office inadai namba, na mtoto wa jirani anajua tovuti inayotoa aktiveta bure. Kwenye maelekezo ya kuipakua kuna mstari ambao ungepaswa kumshtua msomaji: zima antivairasi kwanza. Anazima. STOP Djvu kimeenea zaidi kwa njia hiyo, ndani ya kreki za michezo, programu za kuhariri picha na viaktiveta vya Windows. Si kwamba kila kreki ina kirusi. Ila mtu aliyezoea kuzima ulinzi kila anapopakua kitu amekwisha kujizoesha kumruhusu yeyote apite.

STOP Djvu kina mzaha wake pia. Kabla ya kuanza kazi, kirusi hiki huangalia kompyuta iko nchi gani, na ikiwa iko Urusi, Belarus, Kazakhstan au nchi nyingine kadhaa za jirani, hujizima chenyewe bila kugusa kitu. Tanzania na Kenya hazimo katika orodha hiyo ya heshima.

Njia nyingine ni kiambatisho cha barua pepe kinachojifanya ankara au taarifa ya mzigo, na sasisho bandia. Mwaka 2022 kirusi cha Magniber kiliwalenga watumiaji wa nyumbani kwa kurasa zilizojifanya zinatoa masasisho ya Windows, na kudai hadi dola 2,500. Vipo pia virusi visivyohitaji mtu abofye chochote. WannaCry, kilichozuka Ijumaa ya 12 Mei 2017 na kuingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150 hivi, kilijipenyeza chenyewe kupitia ufa wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imeuziba tangu 14 Machi mwaka huo. Miezi miwili kasoro, sasisho lilikuwa linasubiri kupakuliwa. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7. Sasa zamu ni ya Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

*

Kutambua mapema kuna faida, kwa sababu kufunga mafaili huchukua muda. Diski yenye picha za miaka kumi haimalizwi kwa sekunde. Taa ya diski hukaa inawakawaka wakati hakuna anayefanya kazi, feni inavuma, kompyuta inakuwa nzito. Faili lililofunguka asubuhi halifunguki mchana. Jina lake limeongezewa nukta na herufi nne zisizo na maana, na alama yake imegeuka karatasi nyeupe. STOP Djvu huenda mbali zaidi: wakati kinafanya kazi huonyesha dirisha la uongo linalosema Windows inajisasisha, ili mwenye kompyuta asishangae uzito wake na asiizime. Baadhi ya matoleo yake hubadilisha pia mipangilio ya intaneti ili tovuti za kampuni za antivairasi zisifunguke. Mtu anayeweza kusoma magazeti yote mtandaoni lakini hawezi kufika kwenye tovuti ya antivairasi yake ana sababu ya kuogopa.

Dalili ya mwisho ni barua yenyewe, faili la maandishi lililonakiliwa katika kila folda, au picha iliyochukua nafasi ya mandhari ya skrini.

Lakini hofu nyingi za watu si kirusi cha kikombozi. Ukurasa unaojaza skrini nzima ukipiga kelele kwamba kompyuta imefungwa na polisi, ukitaja faini, mara nyingi ni tovuti tu; kivinjari kikifungwa kwa nguvu, unakwenda zake. Ni mjukuu wa Reveton, kirusi kilichotamba mwaka 2012 kwa nembo za polisi wa nchi mbalimbali, ambacho kilifunga skrini bila kugusa mafaili. Barua pepe inayodai kwamba mtumaji amemrekodi mtu kwa kamera yake na anataka Bitcoin ni utapeli wa maneno matupu. Na kuna ule ugonjwa wa flashi unaojulikana na kila mwenye kibanda cha kuchapisha karatasi kuanzia Mombasa hadi Bujumbura: mafaili yote yanageuka njia za mkato. Hayo hayajafungwa. Yamefichwa, na fundi yeyote mwenye uzoefu huyafichua kwa amri moja. Kipimo ni kilekile katika kila hali: je, faili lenyewe linafunguka kwenye kompyuta nyingine iliyo salama? Kama linafunguka, hakuna utekaji.

Ikithibitika kwamba upo, dakika za mwanzo ni za kukata mawasiliano. Intaneti izimwe, waya uchomolewe, na kila kilichounganishwa kiondolewe: flashi, diski ya nje, simu, printa yenye kadi ya kumbukumbu. Kirusi hakibagui, diski ya nje iliyoachwa imechomekwa kwa ajili ya nakala za akiba hufungwa pamoja na nyingine, na hapo ndipo wengi hupoteza vyote viwili kwa mkupuo.

Je, kompyuta izimwe? Hapa ushauri wa wataalamu unatofautiana, na kwa sababu nzuri. Baada ya WannaCry, Mfaransa Adrien Guinet aligundua kwamba katika Windows za zamani namba zilizotumika kutengeneza ufunguo zilibaki kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mwenzake Benjamin Delpy akatengeneza programu ya kuzichota na kufungua mafaili, mradi kompyuta haijazimwa tangu ilipoambukizwa. Waliokimbilia kuizima na kuiwasha upya walizipoteza. Hata hivyo, bahati ya namna hiyo ni adimu, na kwa nyumba ya kawaida busara ni kuangalia hatua iliyofikiwa. Kama kirusi bado kinakula na folda za maana hazijaguswa, kubonyeza kitufe cha kuwasha hadi kompyuta ife ghafla kutaokoa kilichobaki, na isiwashwe tena kwa diski hiyohiyo. Fundi aichomoe diski na kuisoma kwa kompyuta nyingine. Kama kila kitu kimeshafungwa na barua imeshatua, haraka ya kuzima haipo tena. Iachwe bila intaneti hadi kirusi kitambuliwe jina.

Kisha zipigwe picha kwa simu: barua, namba ya utambulisho iliyomo, majina mapya ya mafaili. Barua isifutwe. Inachukiza, lakini ni sehemu ya ushahidi na huenda ikawa sehemu ya tiba.

Kosa kubwa zaidi la saa hizi kwetu hufanywa na fundi mwenye nia njema. Laptopu ikifika mezani pake na virusi, mkono wake umezoea dawa moja: kupiga window. Anafuta diski, anaweka Windows mpya, anatoza, mteja anaondoka na mashine nyepesi. Kwa virusi vingine hiyo ni tiba halali. Kwa kirusi cha kikombozi, kabla hajagusa chochote, diski nzima inakiliwe au ichomolewe na kuwekwa kando kama ilivyo, na hilo mteja alidai kwa mdomo wake mwenyewe kabla ya kuacha mashine kwa fundi.

*

Mgonjwa akishatulizwa, kinachotafutwa ni jina la ugonjwa. Zipo huduma mbili za bure zinazoaminika. Moja ni No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol, Kaspersky na Intel Security. Ya pili ni ID Ransomware, iliyojengwa na Michael Gillespie, kijana wa Illinois aliyekuwa akifanya kazi katika duka la kutengeneza kompyuta na ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu wala kampuni kubwa nyuma yake. Katika zote mbili mtu hupakia barua ya mtekaji na faili moja lililofungwa, akaelezwa kirusi ni kipi na kama funguo zake zimepatikana. Faili la kupakia liwe lisilo na siri; picha ya ua inatosha, cheti cha hospitali hapana.

Gillespie ndiye aliyekipasua STOP Djvu. Mwezi Oktoba 2019 yeye na kampuni ya Emsisoft walitoa programu ya kufungua matoleo 148 ya kirusi hicho. Wakati huo Emsisoft ilihesabu watu 116,000 waliothibitika kukumbwa, ikakadiria kwamba idadi kamili ilifika 460,000. Kwa matoleo mapya, yaliyotoka baada ya Agosti 2019, wahalifu walirekebisha makosa yao, lakini walibakiza kipenyo kimoja. Kirusi kikishindwa kufika kwenye seva ya bwana wake, kwa mfano kwa sababu intaneti ilikatika, hutumia ufunguo wa akiba uliomo ndani yake, ambao ni uleule kwa kila aliyekumbwa na toleo hilo. Mtu mmoja akilipa na kuutoa ufunguo wake kwa watafiti, wengine wote wa kundi lake wanafunguliwa. Namna ya kujua ni rahisi: namba ya utambulisho kwenye barua ikiishia na herufi t na tarakimu 1, ni ufunguo wa akiba. Kwa nyumba ambazo bando huisha katikati ya mambo, huenda hii ndiyo mara pekee mtandao mbovu umekuwa neema.

Kuna kipenyo cha pili, kidogo zaidi. Kwa ajili ya kasi, STOP Djvu hufunga kilobaiti 150 hivi za mwanzo za kila faili na kuacha zilizobaki. Hati fupi ya Word imekwisha. Lakini video ya harusi yenye gigabaiti 2 imeharibiwa kichwa tu. Zipo programu za kurekebisha video na muziki zinazoweza kuijengea kichwa kipya, na mafaili mengi yaliyobanwa ndani ya faili moja kubwa la zip huchopoka karibu yote isipokuwa la kwanza. Fundi asiyejua hilo atamwambia mteja kwamba hakuna kilichobaki.

Matapeli nao wanalijua soko hili. Mwaka 2020 ilisambazwa programu iliyodai kufungua STOP Djvu bure. Ilikuwa kirusi kingine, Zorab, kilichoyafunga kwa mara ya pili mafaili ambayo tayari yalikuwa yamefungwa. Na Mei 2019 waandishi wa ProPublica walifichua kampuni za Marekani zilizojinadi kwamba zina teknolojia ya kufungua mafaili yaliyotekwa, kumbe zilikuwa zinawalipa watekaji kimyakimya na kumtoza mteja zaidi.

Basi kulipa je? Dola 490 zinazidi bei ya laptopu nyingi za mtumba, na swali hilo halimkabili mtu aliyepoteza michezo. Linamkabili aliyepoteza tasnifu ya shahada ya uzamili wiki mbili kabla ya kuikabidhi. Hakuna haja ya kumhubiria. Yapo makundi yanayotoa ufunguo yakilipwa, kwa kuwa biashara yao ingekufa yasipotoa. Yapo mengine ambayo hata yakitaka hayawezi: WannaCry kilitumia anwani tatu tu za Bitcoin kwa dunia nzima, hivyo wahalifu hawakuwa na njia ya maana ya kujua nani amelipa. Huyo mtu wa tasnifu, kabla ya kutafuta Bitcoin, atazame mahali pengine ambapo kazi yake huenda imejificha bila yeye kukumbuka: kisanduku cha barua zilizotumwa, ambako msimamizi wake alitumiwa sura ya tatu mwezi uliopita, WhatsApp, ambako alimtumia rafiki amsahihishie, kompyuta ya kibanda cha kuchapisha, flashi ya zamani iliyofutwa lakini haijaandikwa upya. Na kama alikuwa na OneDrive au Google Drive, aingie kwa simu. Huduma hizi huhifadhi matoleo ya awali ya faili, kwa kawaida kwa siku 30. Hizo siku 30 ndizo muda unaokwisha kweli katika shauri hili, na barua ya mtekaji haizitaji.

Kwa waliobaki mikono mitupu, kuna sababu ya kuweka diski kabatini na kuchungulia No More Ransom kila baada ya miezi michache. Mei 2016 mtafiti wa kampuni ya ESET aliwauliza wenye kirusi cha TeslaCrypt, kilichokuwa kikifunga hata michezo ya kompyuta iliyohifadhiwa na vijana, kama wangetoa ufunguo mkuu kwa kuwa walikuwa wanafunga kazi. Wakautoa hadharani na kuomba radhi. Oktoba 2018 baba mmoja wa Syria aliandika kwenye Twitter kwamba kirusi cha GandCrab kimefunga picha za wanawe waliouawa vitani, na hana pesa. Watekaji wakatoa funguo za waathirika wote wa Syria. Siku chache baadaye kampuni ya Bitdefender, ikishirikiana na Europol na polisi wa Romania, ilitoa programu ya kufungua matoleo kadhaa ya kirusi hicho kwa watu wa nchi zote. Mwaka uliofuata kundi la GandCrab lilitangaza kustaafu likijigamba kwa mabilioni.

*

Nakala zikishawekwa pembeni, sasa window ipigwe, kwa diski iliyofutwa kabisa na Windows iliyopakuliwa kwa Microsoft wenyewe. Kuondoa kirusi kwa antivairasi na kuendelea na mashine ileile ni kubahatisha. Mara nyingi STOP Djvu hakikuja peke yake. Kilifuatana na programu kama Azorult au Vidar, ambazo kazi yake ni kukusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuzituma nje. Kwa hiyo nywila zote zibadilishwe, kwa simu au kompyuta nyingine, kwa kuanza na ya barua pepe, kisha za benki na za mitandao ya kijamii. Wengi hushughulika na picha zilizofungwa na kusahau kwamba mwizi wa pili aliondoka na akaunti zao.

Nakala ya akiba ni mada iliyochosha watu, na ushauri wa kawaida, nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja nje ya nyumba, haufuatwi na karibu mtu yeyote. Toleo lake la mtu mvivu ni diski moja ya nje inayochomekwa Jumapili jioni, ikanakili, ikachomolewa. Kuchomolewa ndiko kunakoleta tofauti. Windows 10 na 11 pia zina ulinzi unaozuia programu ngeni kugusa folda zilizochaguliwa. Umezimwa mpaka mwenyewe auwashe, na huwasumbua kidogo wenye programu nyingi.

Hata chombo kilichonunuliwa mahsusi kwa ajili ya nakala si kinga kikiwa kwenye intaneti saa zote. Januari 2022 kirusi cha DeadBolt kilianza kuvamia vyombo vya QNAP vya kuhifadhia mafaili, ambavyo familia na biashara ndogo za nchi nyingi hutumia, na kudai Bitcoin 0.03 kwa kila kimoja. Ufunguo ulitolewa na mashine: malipo yakionekana kwenye mtandao wa Bitcoin, ufunguo ulijitokeza papo hapo. Polisi wa Uholanzi wakaliona pengo. Oktoba mwaka huo walituma malipo mengi kwa ada ndogo sana, wakapokea funguo kabla malipo hayajathibitishwa, kisha wakayaondoa. Walipata funguo 155 kabla wahalifu hawajashtuka na kubadilisha utaratibu. Waliotangulizwa kufunguliwa ni waathirika waliokuwa wamekwenda kuripoti polisi. Ripoti za namna hiyo hupokelewa Kenya na KE-CIRT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na Tanzania na TZ-CERT, chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, mbali na kituo cha polisi chenyewe. Picha ya barua iliyopigwa kwa simu siku ya kwanza, ikiwa na ile namba ya utambulisho, ndiyo watakayoiomba.